Ombi la Sheria ya Kuwazuia Wamethodisti Kuwahi Kuku

Tucker's Ford, Alabama

Kwa Ndugu Doyle Pruett, Mkurugenzi,
Baraza la Kutetea Familia za Kikristo, Montgomery.

Ndugu Mkurugenzi,

Bwana asifiwe. Sisi Wabaptisti wa hapa tu wazima, ila tuna njaa, na njaa hiyo ndiyo iliyonikalisha nikuandikie.

Kwanza nakupongeza. Bahati nasibu mmeizima bungeni kila ilipoinua kichwa, bia ya Jumapili mmeipiga kufuli, na nasikia maseneta wa jimbo wakikuona kwenye korido hufunga vifungo vya koti. Mtu mwenye nguvu hizo hawezi kushindwa na suala la kuku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamethodisti wa mjini kwetu hutoka ibadani kabla ya saa sita. Mchungaji wao huhubiri kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Wa kwetu ana hoja tatu, na kila hoja ina wajukuu. Tukifika kwenye mkahawa wa Hoyt, ambako mji mzima hula kuku baada ya ibada, tunawakuta wamejaa meza zote wakijifuta midomo. Juzi mhudumu, Dreama, aliniambia bila haya, "Mama Wynelle, mapaja yameisha. Labda nikupe maini?" Mimi niliyemfundisha shule ya Jumapili, leo napewa maini.

2. Hata hoja tatu zikiisha, usishike mkoba. Unakuja wimbo wa mwaliko, ambao kwetu hurudiwa mpaka mwenye dhambi mmoja ajitokeze mbele. Binamu yangu Buford hujitokeza kwa kutuhurumia. Ameokoka mara nyingi mno, nadhani shetani mwenyewe keshachoka kumfuata. Juzi goti lilimkaza, akabaki ameketi, tukaimba hadi makoo yakakauka.

3. Hili ndilo linaloniuma. Dada yangu Verlene aliolewa na Mmethodisti, jina lake Clovis. Mama yetu kabla ya kukata roho alituapisha kwamba chakula cha Jumapili tutakula meza moja, hata tukigawanyika makanisa. Verlene alikuwa akinishikia kiti. Sasa Hoyt amebandika tangazo kwamba kushika viti ni marufuku, na nikifika dada yangu ameshainuka. Clovis akanitania mbele za watu, "Shemeji, usijali, hata mbinguni tutatangulia." Nilicheka, lakini nyumbani nililia. Verlene ni mkubwa wangu, na moyo wake unamsumbua. Jumapili zake si za kupoteza.

Kwa hiyo naomba mpeleke muswada bungeni. Ibada zote za jimbo ziishe kwa wakati mmoja, yaani wetu. Mchungaji atakayetoa baraka mapema afikishwe mbele ya jaji. Polisi wa jimbo wasimame kwenye mlango wa Wamethodisti. Mkiulizwa kuhusu uhuru wa kuabudu, jibuni kwamba kuabudu hatuwazuii, tunawazuia kuacha. Wakatoliki, ambao wengine humalizana na Mungu tangu Jumamosi jioni, washughulikiwe kikao kijacho.

Nisalimie mkeo, maseneta waoga wote, na spika wa bunge. Wapresbiteri pia wasalimie, sina neno nao, wao hula kwao.

Ni mimi, mwenye imani tele na tumbo tupu,
Bi. Wynelle Stubblefield

Baada ya kusaini: Barua hii niliandika kabla ya Jumapili uliyokuja kanisani kwetu kutuomba tuwaunge mkono. Naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nilishabandika. Siku ile, wakati wa maombi ya mwisho, watu wote wamefumba macho, nilitoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, Mungu anisamehe. Nilimkuta Verlene kwa Hoyt, na paja la kuku chini ya kitambaa. Akasema, "Kaa mdogo wangu, linapoa." Kumbe huniwekea kila Jumapili, na nikichelewa Clovis hulila. Tulikula pamoja, nikafurahi hadi nikamsamehe shemeji. Kisha nikageukia meza ya nyuma kuomba chumvi, na aliyenipa ni wewe, Ndugu Mkurugenzi, mgeni wetu wa benchi la mbele, na tayari ulikuwa na mfupa sahanini.

Muswada uacheni ulale. Ila ukija tena kwetu, pale mlango wa nyuma unipishe nitangulie. Wewe unafuata kuku, mimi nina dada ananisubiri.