Sekunde Tatu za Bango

Jumatatu, 14 Oktoba

Kuwabara amepata bango! Jirani yangu, mtu asiyejua hata kunoa mundu. Limesimama pembeni mwa shamba lake la mpunga, tangazo la mafuta ya nywele, ili abiria wa treni ya kasi walione. Mwenyewe ana upara.

Mimi pia nina ardhi kando ya reli: ile kona anayopanda figili mke wangu, Fumie. Nimemwambia naipangisha. Akauliza, na figili zangu je? Nikasema maendeleo. Akanikumbusha kwamba marehemu mama yangu alimpa kona ile mwaka tuliooana, na kwamba hana kipande kingine cha ardhi cha kuita chake. Supu ya miso leo ilikuwa baridi.

Jumanne, 15 Oktoba

Wakala wa mabango, Bwana Segawa, amekuja kutoka Osaka. Bango lazima lionekane dirishani sekunde tatu, kasema. Asubuhi alipita na treni akiipima kona yetu: mbili tu. Nimemwambia kidole chake ni kizito kwenye saa ya kupimia. Amenipa hadi Ijumaa nithibitishe.

Mpango! Nitapanda treni mwenyewe. Fumie atasimama kwenye kona akipunga shuka jekundu la godoro, mimi nihesabu. Akasema, "Yaani mzee, nikusaidie kuninyang'anya shamba langu?" Nikasema ndiyo, tafadhali. Alicheka mpaka akaketi chini. Amekubali.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekaa upande wa treni usio wenyewe. Nimeona viwanda, na mbwa mmoja.

Fumie amesimama saa nzima na goti lake bovu. Kuwabara kampelekea kigoda na chai ya moto. Nani kamwomba?

Alhamisi, 17 Oktoba

Upande wenyewe. Pua kwenye kioo. Tulipopita daraja nikaanza kujiandaa kuhesabu, na mara yule pale! Mdogo, peke yake katikati ya mashamba, anaruka na lile shuka kwa mikono yote miwili. Miaka sitini na minne! Ananipungia kana kwamba naondoka nisirudi tena. Kisha akatoweka.

Nimelia. Naandika wazi, hakuna anayesoma humu. Bibi wa kiti cha jirani akauliza kulikoni. Nikasema yule alikuwa mke wangu. Akanipa chungwa.

Nyumbani Fumie akauliza sekunde ngapi. Nikasema nimesahau kuhesabu. "Siku mbili naruka kama chura, wewe umesahau?" Nikamwambia nilikuona, Fumie, nikakuona vizuri kabisa. Akaniongezea wali bila kuombwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimempigia Segawa: kona haipangishwi, ni ya mke wangu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunisahau. Nikamfuata Fumie shambani kumwambia. Alikuwa anapunguza miche ya figili. Alinishika mkono kwa vidole vyenye udongo, na tukakaa hivyo mpaka treni mbili zikapita. Sitaki tena mabango. Nimekoma.

Jumamosi, 19 Oktoba

Paa! Paa la nyumba yetu linatazama reli! Matangazo huchorwa hata mapaani, na pale juu sekunde ni nne, naapa. Tikiti ya Jumatatu nimekwisha nunua. Fumie akauliza, akipanda paani na shuka, nani atamshikia ngazi wakati mimi niko kwenye treni?

Nimemwomba Kuwabara. Amekubali haraka mno.