Dhahabu ya Uani

Nani hulima kwa ulimi akavuna shamba la mwenzake? Kama huna jibu nakupa bure, sikudai mji: ni Ulimi-Mafuta. Siku hiyo alikuwa amejibanza kwenye msitu wa mlimani, juu ya mji, akiwakimbia watu aliowauzia dawa ya kuotesha nywele, ambao vipara vyao sasa viling'aa kuliko mwanzo. Mbele ya pua yake pakawa na kijimti kifupi, kimejaa maua ya manjano, madogo kama shanga. Mwingine angeona maua. Yeye aliona pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mjane mmoja mwenye vyumba vya kupangisha, imefunikwa turubai barazani tangu mumewe afariki. Ulimi-Mafuta alikuwa akiimezea mate, maana tapeli anayetembea kwa miguu hakawii kukamatwa. Akakichimbua kijimti na mizizi yake, na mjane alipokwenda sokoni akakipandikiza uani, nyuma ya bafu. Kesho yake akaja amevaa tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

"Siuzi. Nachunguza ardhi." Akachungulia uani, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Huu mmea umeota lini?"

"Mh! Jana asubuhi haukuwepo."

"Basi umebarikiwa. Huu hauoti ila juu ya dhahabu. Maua hayo ni dhahabu yenyewe imepanda na maji. Nipe ile pikipiki, nikuachie mgodi wote."

Mjane akainama, akanusa jani, akajishika kiuno.

"Baba wee! Na mgongo wangu huu nitachimbaje? Chimba wewe. Dhahabu ikitoka, pikipiki yako."

Mfukoni Ulimi-Mafuta alikuwa na chenga za shaba, alizookota kwa fundi wa kufuli. Akavua tai, akashika sururu. Shimo lilipomfika kiunoni akazimwaga, akapiga kelele: "Mama, inang'aa!"

"Hiyo ni salamu tu, baba. Yenyewe iko chini."

Kwa tamaa ya pikipiki akaendelea kuchimba; shimo lilipomfika kidevuni akapewa birika la chai. Lilipommeza kichwa akapewa ngazi. Wapangaji walipita kumtia moyo kwa furaha isiyo ya kawaida: "Kaza, kaka! Tunakutegemea!" Naye, masikini, akadhani wanamwonea wivu.

Siku alipotoka amejaa udongo mpaka masikioni, alimkuta muashi anavingirisha bamba la zege, na wapangaji wamebeba mabati.

"Choo chenyewe ndicho hiki, mama?" muashi akauliza. "Shimo limenyooka kweli!"

"Choo?" Ulimi-Mafuta akashika ngazi.

"Cha zamani kimejaa," mjane akasema kwa upole. "Nilikuwa sijui nichimbe wapi kingine, ukaja kunionyesha. Mimi ni mtoto wa mlimani, mwanangu. Kijimti hiki kwetu tunakiita kifukuza-nzi. Tunakipanda mlangoni mwa choo."

"Na pikipiki yangu?"

"Si tulisema dhahabu ikitoka? Shimo hili ni la kuingiza, baba. Kutoa halitoi."

Ulimi-Mafuta akafungua mdomo abishe. Tumbo lake ndilo lililozungumza: ile chai yote, na mshtuko ule, vilikuwa vimekutana. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akijikunja.

Wapangaji wakaharakisha mabati. Mjane akamkabidhi kopo la maji kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni rasmi. Tufungulie."

Akaingia.