Kaboni Zangu Nane Zilizohesabiwa Tatu

Kwa Mama Mageni,
Mkuu wa Idara ya Kemia,
Chuoni kwetu, Shinyanga.

Shikamoo Mama. Mimi ni Kulwa Magesa, yule wa dawati la mbele mwenye sauti. Kwa heshima zote namshitaki kwako Mwalimu Marselino kwa kosa la kupoteza kaboni tano.

Mtihani ulileta zailini ya para: pete ya kaboni sita, na methili mbili, kila moja na kaboni yake, zimekaa ncha hii na ncha ile, zinatazamana. Tuchore vilele vitakavyotokea kwenye NMR, ile mashine ya kutambua kaboni. Nikahesabu kaboni nane, nikachora vilele nane, vimenyooka kama nguzo za umeme za barabara ya Kahama. Mwalimu kanipa sifuri! Eti vilele ni vitatu, kwa kuwa kaboni zenye mazingira sawa husimama mahali pamoja na kuhesabika moja. Nilipobisha, akaigeuza karatasi juu chini, akaniuliza kama naona tofauti. Sikuona. Lakini tangu lini kufanana kukawa sababu ya kufutwa?

Bila swali hilo nimefeli, na nikifeli siendi mafunzo ya vitendo maabara ya dhahabu kule Bulyanhulu. Nitarudi Kharumwa kwenye karasha la mjomba, kusaga mawe na kula vumbi. Mimi, mwenye kichwa hiki! Kwa hiyo nalalamika:

1. Sisi Wasukuma mapacha tunawajua. Nilitangulia mimi Kulwa, akafuata Doto, na aliyezaliwa baada yetu akaitwa Shija, kama mila inavyotaka. Kama mimi na Doto ni kilele kimoja, Shija jina kalipataje?

2. Dada Bhoke wa kantini hajawahi kutupa sahani moja eti mazingira yetu ni sawa. Ajaribu, aone.

3. Zile kaboni mbili za pete zilizoshika methili, kwa kukosa tu hidrojeni, zimesukumwa huko karibu na 135 kwenye kipimo na kupewa kilele kifupi. Hata machimboni, asiye na duara lake la kuchimba hapunguzwi kimo.

4. Sifuri yenyewe. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuwa TMS, dawa ya kupimia, imewekwa sifuri na kaboni zote hupimwa kuanzia hapo. Basi heshima nimeipokea: darasa zima linapimwa kuanzia kwangu. Shida ni kwamba watu wa mgodini hawataielewa.

5. Baba ana ng'ombe wa mahari yangu, wote wekundu, wamefanana. Siku ya kuwapeleka, mkwe naye akisema ameona kilele kimoja, nitaoa kwa mahari gani?

Naomba, mayu, mama yangu, kaboni zangu zirudishwe, kila moja na kilele chake. Kila kiumbe ahesabiwe peke yake, hata afanane vipi na mwenzake. Msimamo wangu ndio huo, siuachi.

Nisalimie idara nzima, Dada Bhoke, na Mwalimu Marselino mwenyewe. Simchukii, ni hesabu tu zinamsumbua.

Ndimi mwanafunzi wako usiyeweza kumsahau,
Kulwa Magesa

Nyongeza: Mama, matokeo yamebandikwa sasa hivi. Doto kafaulu, alichora vitatu. Sasa fikiria: mimi na Doto tumbo moja, chumba kimoja, mashati tunaazimana, na Mwalimu Marselino hutuchanganya kila siku. Hata ukitugeuza juu chini, huoni tofauti. Tafadhali tuhesabu kilele kimoja, alama za Doto zitatutosha wote wawili.