Daraja Ambalo Ni Kitenzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuandaa Kamati; Waheshimiwa Wajumbe mliopo, Wajumbe mliotoa udhuru na Wajumbe mnaosinzia hapo mstari wa mbele; viongozi wa dini zote; wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa juu ya ukuta wa choo ambao ninawaomba mshuke: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Vijana hawashuki.)

Nimesimama hapa kando ya mto huu, mbele ya utepe huu mwekundu, kwa furaha isiyo na kifani, ili niwafungulie daraja. (Makofi makubwa. Mtu mmoja anauliza, "Liko wapi?")

Nitafika huko. Lakini kwanza tuelewane kilugha, kwa sababu mradi huu ulibuniwa, ukajadiliwa na kuripotiwa kwa Kiingereza, lugha yenye maajabu. Hapa kwenu mtu akijenga mnamwona ana matope mpaka magotini. Mwingereza hahitaji matope. Anachukua kitenzi, anakibandika mkia wa "sheni", kinageuka nomino, na nomino, ndugu zangu, haihangaiki, nomino inakaa. Kutekeleza kunakuwa implimentesheni. Kuhamasisha kunakuwa mobilaizesheni. Kuratibu kunakuwa koodinesheni. Chini ya uongozi wangu uliotukuka, ofisi yetu imezalisha sheni nyingi kuliko ofisi yoyote ya ngazi yake, ongezeko la asilimia mia moja na kumi na nne, na hapo hatujahesabu zilizoharibika njiani. (Makofi kutoka kwa wafanyakazi wa ofisi yake.)

(Mkunga, mkoba begani, ananyoosha mkono: "Samahani, mheshimiwa. Nina mzazi ng'ambo, uchungu umemshika, na huko juu mvua imenyesha, maji yanapanda. Mruhusu mvushaji afungue mtumbwi nivuke.")

Mama yangu, hoja yako ni nzuri na imepokelewa. Mtumbwi umesimamishwa kwa siku ya leo kwa heshima ya daraja, maana haipendezi wapiga picha waone watu wakivushwa kwa mtumbwi siku hii kubwa. Vumilia kidogo. (Mkunga: "Mimi nitavumilia, baba. Mtoto je?")

Twende mbele. Ajabu la pili ni kwamba Mwingereza anaweza pia kuchukua nomino, bila mkia wala kichwa, akaifanya kitenzi. Tebo ni meza, lakini akiiweka hoja mezani, anaitebo. Cheya ni kiti, lakini akiongoza kikao, anacheya. Mimi nimecheya vikao vyote vya mradi huu bila kuinuka. (Sauti: "Ndiyo maana suruali imeng'aa nyuma!" Kicheko.)

Sasa sikilizeni. Briji ni daraja. Lakini briji pia ni kitenzi, yaani kuunganisha huku na kule. Wataalamu wakatuuliza, mnataka briji ipi? Tukatafakari kwa kina. Nomino inahitaji saruji, nondo na mhandisi anayekuja kazini. Kitenzi kinahitaji ukumbi, kipaza sauti na maji ya chupa. Kwa jinsi ninavyowajali, nikachagua kitenzi. Kwa hiyo kila mlipopita hapa mkaona ukingo mtupu, mkasema hakuna kinachofanyika, mlikosea sana: tulikuwa tunabriji! Tumebriji wadau. Tumebriji ofisi ya chini na ofisi ya juu. Na ripoti zetu hazikudanganya hata mara moja, kwa sababu tuliandika "bilding", neno ambalo ni kujenga na ni jengo vilevile, na msomaji akachagua mwenyewe lililomfurahisha.

(Mvushaji: "Na watu watapita juu ya hicho kitenzi?")

Kinadharia, ndiyo.

(Mkunga: "Mheshimiwa, tazama, mume wake anapunga shati kule. Maji yakifunika yale mawe hakuna mtumbwi utakaovuka.")

Mama, nakuomba utulivu. Sisi hapa tuko kwenye dilivari, yaani ufikishaji wa huduma!

(Mkunga: "Na mimi ninakwenda kwenye dilivari, baba, ila yangu ina kichwa na mabega." Kicheko kikubwa. Anainama, anapita chini ya utepe. Mvushaji anamtazama mheshimiwa, anamtazama mkunga, kisha anafungua kamba. Watu wanaingia majini kuusukuma mtumbwi.)

Nani ameruhusu? Jamani, utaratibu! Jamani… Basi. Mpiga picha, piga, piga haraka! Katibu, andika: wananchi walianza kuvuka mara tu baada ya ufunguzi. (Hakuna makofi. Umati umempa mgongo. "Elekeza juu, kaka! Juu! Usiyaachie maji yauchukue!")

Tumalizie kwa kauli mbiu. Nikisema "Briji", mseme "Tunabriji". Briji! (Watu wanautazama mtumbwi.) Implimentesheni! (Karani wake, peke yake: "Oyee.") Maendeleo ni nini? Maendeleo ni nomino!

(Mtumbwi unayumba, unazunguka, kisha unagusa ng'ambo. Mkunga anaruka, anakimbia na mkoba wake. Umati unalipuka kwa vigelegele.)

Asanteni, asanteni, vigelegele hivyo vimenigusa moyoni. Kwa unyenyekevu mkubwa nawashukuru kwa kusimama juani kushuhudia ufunguzi wa kitu ambacho hakikuwahi kupimwa, kuchorwa wala kuwekewa kokoto moja. Lakini asiondoke mtu hapa akisema hakuona daraja. Kwa kazi hii iliyotukuka, wakubwa wamenipandisha daraja, na kesho ninahamia makao makuu. Daraja lipo, ndugu zangu. Ni vile tu linabeba mtu mmoja.