Santuri Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wabwire amerudi kutoka kazini na habari mbaya. Baba yake amepiga simu. Paa la nyumba yake kule Makongeni limezibwa, halivuji tena, kwa hiyo Jumamosi anakuja kuchukua gramafoni na katoni ya santuri alizotuwekea. Wabwire amefurahi, eti sasa tutapata pa kunyooshea miguu. Mume wangu huyu mchana huwa kazini. Hajui mwanawe analala vipi.

Analala kwa muziki wa jazi. Nimejaribu maziwa, nimejaribu mgongo, nimejaribu nyimbo za nyanya yangu. Andati, miezi kumi na moja, anataka ile santuri yenye jalada la njano, jamaa wa suti ya njano amekumbatia gitaa, na mwenzake amekalia kinanda kikubwa kama kabati la vyombo. Gitaa linaropoka, kinanda kinaitikia polepole kama shangazi aliyeshiba, na ngoma chini yao zinatembea kwa maringo. Dakika tano, mtoto kwisha. Mimi hapo nakanda unga wa mandazi ya kuuza kwa kiuno. Bila huo usingizi wa saa nane mchana hakuna mandazi. Hakuna hata mimi.

Santuri haitoki hapa kwetu Pipeline. Nimeamua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Rahisi hadi nikajishangaa. Nimeweka simu mbele ya spika, nikarekodi upande mzima. Saa nane nikajaribisha. Andati akafumba macho. Kinanda kikapanda, gitaa likashuka, halafu sauti ya Kavutha wa mlango wa pili ikalipuka kwamba maji yamekuja, leteni mitungi. Mtoto akaruka. Nami nikaruka, nikambeba, nikashika mitungi miwili na kukimbia ngazi zote hadi kwenye mfereji.

Mkavu. Yalikuwa maji ya asubuhi, yako ndani ya simu.

Kavutha alinikuta nikipanda na mitungi mitupu. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema inaonekana.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu hauna tundu.

Kwetu baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe. Hata kuchungulia hachungulii. Na kwa vile nyumba yetu ni chumba kimoja, chumba cha kulala kinaanzia kwenye pazia la maua. Upande huu viti na jiko, upande ule kitanda. Mzee akija huketi akiangalia dirisha tu.

Basi santuri ya njano imehamia kitandani. Ndani ya jalada lake nimetia santuri ya kwaya. Gramafoni nayo iko kitandani, ila rasmi iko kwa fundi.

Bado Andati. Nimemwomba Kavutha Jumamosi akae naye kule nyuma, amnyamazishe kwa vyovyote. Habari ya santuri sijamwambia, Kavutha ana mdomo. Akasema atataka mandazi ya moto, si ya jana kama ya siku ile. Nimekubali.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee amekuja na rafiki yake Phares. Walifunga breki za mabehewa pamoja miaka mingi. Wabwire yuko kazini, kwa hiyo nimewapa chai na mandazi mimi. Mzee akafungua katoni, akatoa jalada la njano, akalipangusa kwa mkono wa koti. Akanieleza kwamba Phares anarudi kwao Busia keshokutwa, kabisa kabisa, na kitu kimoja tu alichoomba ni kusikia hii mara ya mwisho. Waliicheza kwenye ukumbi wa reli hadi viatu vikaisha soli.

Nikasema gramafoni iko kwa fundi.

Phares akaweka kofia magotini. Akasema si kitu, mama, hata chai ni nzuri. Nilitamani anitukane.

Ndipo Andati akaanza kulia kule nyuma. Kavutha, jirani mwaminifu, kila siku anasikia ukutani dawa yake ni nini. Kinanda kikanguruma.

Mzee akaacha kutafuna. Nikasema ni redio ya jirani. Gitaa likaingia, likakwaruza mara moja, likaendelea. Mzee akasema kwa upole kwamba redio ya jirani ina mkwaruzo palepale alipokwaruza yeye, siku alipozaliwa Wabwire.

Hakugeuka. Pazia lilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hakugeuka. Phares alikuwa amefumba macho, vidole vinatembea juu ya kofia. Upande ulipoisha Phares akasema, “Mama Andati, huyo jirani yako ana kitu kizuri. Mwambie ageuze upande wa pili.”

Nikaenda nyuma ya pazia nikageuza. Kavutha alikuwa na mandazi mdomoni na Andati amelala kifuani pake. Nimelia kidogo, kwenye mto.

Wakati wa kuondoka mzee alibeba katoni. Jalada la njano akaliacha mezani, kwaya akaitoa mwenyewe bila kuuliza. Akasema santuri na gramafoni vikae hadi mjukuu atembee. Siku atakapopiga hatua, mjukuu mwenyewe amrudishie babu yake Makongeni. Nikamwahidi mbele ya Phares. Nimekoma na mambo ya kuficha. Kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nane nimeweka santuri. Andati alikuwa sakafuni kando ya kiti. Kinanda kilipoanza akashika kiti, akasimama, akaachia. Hatua moja. Mbili. Tatu, hadi kwenye spika, akaikumbatia akicheka na meno yake manne.

Mtoto wangu anatembea. Nimembusu hadi akachoka.

Kisha nimemketisha. Kavutha aliyekuwa mlangoni nimemwambia hajaona kitu, akasema mandazi ya moto, mwezi mzima. Wabwire sijamwambia.

Mzee amesema atapita Jumapili. Nimeshafikiria. Andati nitamweka nyuma ya pazia.