Nilivyowarekebishia Wasiria Nyuzi

Jumatano, 10 Septemba

Wamefika. Mzee Nabil, mwanawe mpiga udi na binti yake Rima. Wasiria, familia nzima inazunguka nchi za watu kupiga muziki wa Kiarabu wa zamani. Jumamosi wanapiga ukumbini Capri Point, na kwaya yetu itaimba nao wimbo mmoja. Paroko ametangaza kwamba watachagua mwanakwaya mmoja wa kwenda nao Kampala na Nairobi. Atakuwa nani kama si mwalimu? Nimezeeka nikifundisha kwaya hapa Kiseke, na sijawahi hata kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda Kampala. Mhaya mzima, na mpaka wenyewe uko kwetu! Mke wangu Eugenia amecheka. Hucheka yasiyochekesha.

Msaidizi wangu Mashimba amejipeleka uwanja wa ndege kuwapokea. Nani kamtuma?

Alhamisi, 11 Septemba

Mazoezi. Aibu tupu. Rima anapiga kanuni, ala ya nyuzi zaidi ya sabini, anaipakata mapajani. Nimeipima kwa kinanda changu. Haiko sawa. Kuna sauti imekwama kati ya vibao viwili vya kinanda, mahali ambapo hapana kitu, ufa tu. Nikamweleza Mzee Nabil kwa heshima zote. Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba ndivyo inavyotakiwa, huo ndio utamu wenyewe. Nimemhurumia sana. Mashimba, ambaye nota hazijui, akadakia kwamba ni tamu kama wimbo wa bibi yake wa kupura mtama. Mnafiki mkubwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Njia imepatikana. Mashimba amewapeleka kisiwani Saanane kuangalia wanyama. Vyombo vimebaki chumba cha kwaya. Ufunguo ninao mimi. Nikasingizia tumbo. Nimekaza na kulegeza uzi mmoja mmoja mchana kutwa, nikifuata kinanda. Vidole vimechubuka. Sasa inalia kama Mungu alivyokusudia. Kesho wataisikia wenyewe, watauliza ni nani, nami nitasimama. Kampala hiyo.

Nilimwambia Eugenia tu. Akaniuliza, Baba Odeta, kwani wamekuomba? Nikamjibu kwamba aliyezimia hamwombi daktari.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Rima akagusa nyuzi, akaacha. Akagusa tena. Akamtazama baba yake. Mzee akauliza nani ameshika chombo. Nikasimama, tai imenyooka, nikasema ni mimi, wala wasijali. Hakuna aliyepiga makofi.

Rima akaanza kurudisha uzi mmoja baada ya mwingine huku machozi yanamtoka. Kanuni ile ni ya marehemu mama yake, na tangu afariki haijaguswa na mkono mwingine. Jambo kama hilo mtu huambiwa mapema. Watu wakaanza kuguna, wengine kuondoka. Ndipo Mashimba akachukua ngoma na kuimba ule wimbo wa bibi yake. Kijana wa udi akamfuata. Ile sauti mbovu, ile ile, nikaisikia kinywani mwa Mashimba, na ukumbi wote ukasimama kucheza. Eugenia naye. Mama Odeta wangu mimi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye mawe kando ya ziwa. Nililia. Naandika ukweli, nililia.

Jumatatu, 15 Septemba

Mashimba ameondoka nao. Ameondoka na sanduku langu, lile nililonunua kwa ajili ya Kampala. Eugenia ndiye aliyempa, akasema afadhali lipate safari.

Kabla hawajaondoka, Mzee Nabil alikuja nyumbani. Rima hakushuka garini. Nilidhani wamebadili mawazo, nikaingia ndani kuvaa viatu. Kumbe alikuja kunishika mkono tu. Akasema amenisamehe, ila nijue kwamba sauti ile wameirithishana katika familia yao kwa vizazi vitano.

Maneno yale yamenikaa moyoni siku nzima. Vizazi vitano. Na katika ukoo wote ule hakuzaliwa hata mtu mmoja mwenye sikio.