Ombi la Kuongezewa Mvua ya Siku Moja

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu za Hali ya Hewa.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi. Mimi ni fundi saa, mume wa yule mama wa ofisini kwako anayeingiza vipimo vya zamani kwenye kompyuta. Sina ugomvi na sayansi. Nina malalamiko tu, nayo ni haya:

1. Zamani nikichelewa kurudi nyumbani nilisema mvua, yakaisha. Siku hizi mke wangu anauliza milimita ngapi.

2. Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe zangu, nilifika nimechelewa na nimelowa chapachapa. Nikasema mvua imenikamata njiani. Mama mkwe alitokwa na machozi, akasema huyu ndiye. Juzi mke wangu amefikia kipimo cha siku ile: sifuri. Tangu hapo nalala kwenye kochi, naye anataka kujua yale maji yalitoka wapi. Maji ni maji, Mheshimiwa. Sioni haja ya kuchunguza yalikotoka.

3. Watu wako walichota tope chini ya ziwa, wakalipima, wakatangaza kwamba maelfu ya miaka iliyopita mvua ilinyesha kupita kiasi. Nani alikuwepo? Hamna shahidi hata mmoja aliyelowa, na bado mnaamini. Mimi nililowa mbele ya ukoo mzima, naambiwa sifuri! Kama tope linaaminiwa, koti langu lina kosa gani?

Kwa hiyo naomba siku ile iongezewe milimita kumi tu. Kwa umri wa dunia hii, hakuna atakayeziona.

Na si kochi linaloniuma. Mke wangu aliipenda hadithi ile. Kila mgeni alisimuliwa, huku mwenyewe akiniangalia kwa jicho la pembeni. Sasa wageni wanakuja, anawapa chai na kunyamaza, nami roho inaniuma.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata wachota tope.

Wako mnyenyekevu,
Fundi Saa

N.B. Ningeileta barua hii mwenyewe, ila mvua kubwa imenizuia tangu asubuhi, ndiyo maana nampa mke wangu. Ameshaisoma yote hapa mlangoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Mto wangu ameurudisha chumbani, basi zile milimita usihangaike nazo. Sasa anavaa viatu aje kazini. Mwavuli kauacha.